Mgonjwa Aliyeota Meno Upya

Wanangu mnaosomea kazi ya usingizi, nimesikia mnanung'unika. Mnasema fomu ni ndefu, mgonjwa anaulizwa jambo lile lile mapokezi, wodini, halafu tena mlangoni mwa chumba cha upasuaji, na kila akiulizwa ananuna. Mwacheni anune. Mimi nimenuniwa miaka thelathini na kidogo na sijafa. Nimeitwa mbishi, nimeitwa Mama Maswali, na daktari mmoja aliwahi kuniambia kwamba ningefaa kuwa polisi. Sasa nimestaafu, nakaa zangu Kikuyu, hapa hapa Dodoma, na kuku wangu wachache, nalala usingizi wangu mwenyewe badala ya kuwalaza wengine. Nalala vizuri, na sababu kubwa ni yale maswali.

Kwa msiojua kazi yetu vizuri, niseme kidogo. Mtu akipasuliwa, kuna anayekata na kuna anayemlaza. Anayekata ndiye anayeshukuriwa na kuletewa jogoo. Sisi wa nusu kaputi hatukumbukwi, maana mgonjwa alitunyooshea mkono, akahesabu mpaka tano, akapotea. Lakini kabla hajapotea lazima tujue ni dawa gani ambayo mwili wake unaikataa. Huo ndio mzio, na watu wa maofisini huuita aleji. Mwili ukikataa dawa haukatai kistaarabu. Uso unavimba, koo linaziba, presha inaanguka, na mtu aliyekuja kutolewa uvimbe wa kawaida anarudishwa kwao amefunikwa shuka mpaka kichwani.

Mwaka wangu wa kwanza kazini niliuliza kama nilivyofundishwa darasani. Alikuja mzee mmoja wa Bahi, mikono imekomaa kwa jembe. Nikasimama mbele yake na kalamu yangu.

"Shikamoo babu. Una mzio wa dawa yoyote?"

"Marahaba. Dawa zote, mjukuu wangu," akasema. "Zote chungu."

Nikaandika: mzio, dawa zote. Niliona nimefanya kazi. Aliyenifundisha kazi, Mzee Ndahani, Mungu amlaze mahali pema, akasoma nilichoandika, akavua miwani, akaifuta kwa pindo la koti, akaivaa tena na kusoma upya.

"Kwa hiyo huyu tumlaze kwa nyimbo," akasema.

Mzee Ndahani hakuwa mtu wa kufoka, na afadhali angefoka. Aliniambia nivute kiti nikae karibu yake nitazame. Akamsalimia yule mzee kwa Kigogo, "Mbukwa," wakaulizana habari za mvua, za mtama, za ng'ombe aliyezaa na aliyekufa. Mimi natazama saa. Ndipo akamuuliza, kama mtu anayeendeleza umbea, ni lini mara ya mwisho alikwenda zahanati akatoka ameapa kwamba harudi tena. Yule mzee akacheka, akaeleza. Kumbe aliwahi kupewa vidonge vya malaria vikamtoa malengelenge mwili mzima na ngozi ya midomo ikabanduka. Vilikuwa vidonge vya salfa. Nilipokuwa naandika dawa zote, ile moja ya kweli ilikuwa inanipita.

"Usimuulize mtu kama ana mzio," Mzee Ndahani aliniambia tulipotoka. "Muulize siku hospitali ilipomtisha. Hiyo hakuna anayeisahau."

Alikuwa pia na kopo. Kopo kuukuu la majani ya chai, ndani yake vichupa vitupu vya sindano, vifuko vya vidonge, vidonge vya rangi mbili vilivyokwisha muda, vyote vimechakaa kwa kushikwashikwa. Watu wetu wengi hawajui jina la dawa, na kwa nini walijue, limeandikwa kwa herufi za sisimizi. Lakini wanajua ilikuwa ya njano, au ilikuwa na kifuniko chekundu, au ilichomwa takoni ikauma siku tatu. Mzee Ndahani alimwaga kopo kitandani na kusema, "Nionyeshe adui yako." Mgonjwa akanyoosha kidole. Alipostaafu aliniachia lile kopo, na vijana waliokuja baadaye wakalicheka. Waliliita duka la mganga.

Mengine niliyajifunza kwa kuungua vidole. Kwa mfano wasindikizaji. Mwanamke akiletwa na mama mkwe wake, usimuulize lolote la maana huku mama mkwe amekaa pale na mkoba wake mapajani. Nilimuuliza mmoja, akatikisa kichwa tu, macho chini, na mama mkwe akajibu kwa niaba yake kwamba mkwewe hana shida yoyote tangu aolewe. Tangu aolewe, sawa. Kabla ya kuolewa alikuwa amevimbishwa na dawa aliyopewa kwa ugonjwa ambao mama mkwe hakutakiwa kuusikia. Tulimpa dawa ya jamii ile ile, akatoka vipele mwili mzima, akajikuna siku mbili. Tulibahatika vikaishia kuwa vipele. Tangu hapo nikawa na dawa ya wasindikizaji: "Mama, naomba unisaidie ukatuletee kanga nyingine, hii ni fupi." Akitoka mlangoni tu, nauliza upya. Nilituma watu kanga nyingi ambazo hazikuhitajika.

Na si kila anayesema dawa fulani inamdhuru ana mzio. Kuna mwanamume alikuja na daftari limeandikwa kwa wino mwekundu kwamba asipewe ketamini kamwe, mzio mkali. Ketamini ni dawa ya usingizi ambayo humfanya mtu aote akiwa macho na kuropoka. Nikamtuma mkewe kanga, nikamuuliza, "Baba, ilikufanya nini hasa? Ulivimba? Ulishindwa kupumua?" Akatazama mlango. "Sikuvimba," akanong'ona. "Nilimtaja mke mdogo." Siku hiyo mke mkubwa alikuwa amekaa pembeni ya kitanda anampepea. Sasa mzio huo mtautibu kwa sindano gani? Tulimpa dawa nyingine, kwa sababu ya amani ya nyumba, lakini kwenye faili niliandika ukweli kwa lugha ya adabu.

Kwa hiyo msiandike neno mzio bila kuandika kilichotokea. Kutapika peke yake si mzio. Kusinzia si mzio. Kufumaniwa si mzio.

Basi, na baada ya kuwatambia hivi, niwasimulie siku ambayo mimi mwenyewe, mwenye kopo na kanga zangu, nilikaribia kuua mtu. Majina nimeyabadili, na hospitali mniachie.

Ilikuwa miaka michache kabla sijastaafu. Mji ulikuwa umejaa watumishi waliohamia na serikali, na kompyuta zilikuwa zimeingia hospitalini. Zamani mgonjwa alikuja na daftari la shule la kurasa arobaini lenye picha ya twiga, na ukilifungua unakuta kuna hesabu za mtoto katikati ya vipimo vya malaria. Sasa mtu anatoa kadi ya bima, jina linaingia, na historia yake yote inatoka imepangwa, na faili lake linaletwa. Nilifurahi sana na kitu kile. Nilianza kukiamini kuliko watu.

Asubuhi moja, kwenye saa nne, akaletwa mwanamume wa miaka thelathini na kitu, amejikunja kwa maumivu. Ngiri yake ilikuwa imenasa. Utumbo umetoka kupitia tundu la kinena, ukabanwa pale, haurudi ndani na damu haifiki. Utumbo wa namna hiyo hufa kwa saa, na ukifa, mwenyewe huufuata. Hakukuwa na muda wa kupiga hadithi za mtama. Kadi yake ilisema anaitwa Ramadhani, mtumishi wa serikali, mkazi wa Miyuji. Aliletwa na ndugu yake aliyevaa shati la ofisini lililopigwa pasi, mtu mwenye sura kama yake, mkubwa kidogo.

Nilikutana nao mlangoni mwa chumba cha upasuaji. Nikauliza maswali yangu, na kila swali akajibu yule wa shati la pasi.

"Ana mzio wa dawa?"

"Hana, mama. Andika hana."

"Aliwahi kulazwa usingizi?"

"Aliwahi, hapa hapa. Hakupata shida yoyote. Si imeandikwa humo?"

Ilikuwa imeandikwa, tena kwa mkono wangu mwenyewe, maana mimi ndiye niliyemlaza Ramadhani miaka michache nyuma. Mzio: hakuna. Nikatazama mgonjwa, naye akatikisa kichwa kwamba hapana, hana. Nikanakili. Nawaambia ukweli wanangu, na bado uso unaniwaka moto: niliandika "hakuna" kwenye fomu mpya kwa kutazama fomu ya zamani, kama mtoto anayeiba majibu kwa jirani. Sikumtuma mtu kanga. Kopo lilikuwa kabatini na sikulitazama.

Tukamwingiza. Daktari wa upasuaji ameshanawa, mikono juu. Neema, muuguzi wetu, alikuwa amechanganya ampisilini, ile dawa ya kuzuia wadudu ambayo tulikuwa tunampa mgonjwa kabla ya kisu. Ni ya jamii ya penisilini. Akachomeka bomba la sindano kwenye mpira wa dripu.

"Mama, nimpe?"

"Mpe," nikasema, huku nainama juu ya mgonjwa. "Kijana, fungua mdomo, toa ulimi."

Hatutazami mdomo kwa udadisi. Bomba la kupumulia linapita humo, kwa hiyo tunataka kujua koo limekaaje, na jino lililolegea tunaliandika, lisije likaanguka likaingia pafuni. Tunaandika pia yasiyokuwepo, ili mtu asije akaamka akasema sisi ndio tuliomng'oa. Fomu yangu ya zamani ilikuwa wazi pale pembeni. Ilisema: meno mawili ya mbele, chini, hayapo. Nilikumbuka hata sababu, alianguka na baiskeli.

Mdomo uliokuwa mbele yangu ulikuwa na meno yote. Meupe, yamepangana vizuri, hakuna pengo.

"Acha!" nilipiga kelele.

Neema akaruka. Kidole gumba chake kilikuwa tayari kwenye bomba.

"Toa hilo bomba. Litoe kabisa, weka pale chini. Umempa?"

"Bado, mama. Nilikuwa ndiyo naanza."

"Hata tone?"

"Hata tone."

Mtoto wa miaka saba akiota meno tunamchekea, lakini mtu mzima mwenye ndevu hapotezi meno mawili akayaota upya. Nikamwita, "Ramadhani." Hakuitika mpaka nilipomwita mara ya pili, tena aliitika kama mtu aliyekumbushwa.

"Ulishapasuliwa hapa kwetu?"

"Ndiyo, mama."

"Ulipasuliwa wapi mwilini?"

Akafikiri. Maumivu yanamkunja, jasho linamtoka, na bado anafikiri. Mwishowe akasema, "Goti."

Faili lilisema bawasiri. Jamani, kutoka goti mpaka kule ni safari. Siku nyingine ningecheka mpaka nikae chini.

"Mama, kuna nini?" Daktari akauliza. "Huo utumbo hautusubiri."

"Nipe dakika mbili, daktari. Huyu mtu simjui."

"Si faili lake hilo hapo?"

"Faili nalijua. Mtu ndiye simjui."

Daktari alinitazama juu ya barakoa yake, halafu akarudi nyuma hatua moja. Nampenda mpaka leo kwa hatua ile. Nikalifunga faili nikampa Neema alitoe nje ya macho ya mgonjwa. Nikashusha barakoa yangu ili anione uso. Nikavuta kiti nikakaa, kichwa changu sawa na chake.

"Mwanangu, nisikilize. Jina baki nalo. Sikuulizi jina, sikuulizi kadi, na hapa hakuna polisi, ingawa wengine husema mimi ni mmoja wao. Mimi nataka habari za mwili huu uliolala hapa. Huu mwili uliwahi kutishwa na hospitali?"

Machozi yakaanza kumtoka kando ya macho na kuingia masikioni, maana alikuwa amelala chali.

"Kaka atafukuzwa kazi," akasema.

"Na wewe utafukuzwa duniani. Sema."

Akasema. Kwao ni Kolo, kule Kondoa, analima alizeti na mtama. Alikuja Dodoma kumtembelea kaka yake, na ngiri aliyokaa nayo miaka ikamnasa huko Miyuji, sebuleni kwa kaka. Kaka akaona hakuna njia nyingine, akampa kadi yake na jina lake, akamwambia, ukiulizwa lolote jibu hapana, mengine nitajibu mimi.

"Na sindano? Umewahi kuchomwa ikakushinda?"

"Nikiwa na miaka kama kumi. Nilikuwa na kidonda mguuni. Nilichomwa zahanati, ile nyeupe kama maziwa. Sikufika mlangoni, mama. Nilipozinduka wananimwagia maji, macho hayafunguki, nasikia tu mama yangu analia. Mganga akamwambia, huyu asichomwe tena hii sindano maisha yake yote."

"Kaka yako anajua?"

"Alikuwa shule ya bweni. Hakuna aliyemwambia. Ilishapita."

Neema alikuwa ameshakwenda kabatini bila kutumwa. Akaja na kopo. Nikavitoa vichupa kimoja kimoja mbele ya macho ya mgonjwa. Hiki? Hapana. Hiki? Hapana. Nilipofika kwenye kile cha penisilini, chenye ukoko mweupe ulioganda ndani ya kioo, hakusubiri nimuulize. Aligeuza uso upande wa pili.

Lile bomba la ampisilini lilikuwa juu ya trei, limejaa, linang'aa. Neema akalichukua akalimwaga kwenye sinki, maji yakaendelea kutiririka muda mrefu baada ya dawa kwisha. Wazee wetu husema mficha maradhi kifo humuumbua. Huyu hata hakuficha maradhi, alificha jina tu, na kifo kilikuwa kimeshafika kwenye kidole gumba cha muuguzi.

Tukatumia dawa za jamii nyingine. Nikamlaza taratibu, kila dawa nikiitazama mara mbili, na mkono wangu ukiwa kifuani pake nisikie anavyopumua. Daktari akafungua. Utumbo ulikuwa umepiga weusi. Akaufunika kwa vitambaa vilivyolowekwa maji ya uvuguvugu, tukasubiri, watu wote tumenyamaza tunatazama kipande cha utumbo kama watu wanaosubiri chungu kichemke. Polepole ukaanza kurudi rangi ya waridi. Daktari akacheka peke yake. Akaurudisha ndani, akashona. Ngozi ya mgonjwa ilikuwa safi, hakuna kipele, presha imetulia. Nilihisi raha ambayo sijui niilinganishe na nini. Nilitamani kumkumbatia kila aliyekuwa mle ndani, hata yule mfagizi aliyechungulia mlangoni.

Alipoanza kupumua vizuri mwenyewe tulimhamishia chumba cha kuamkia, Neema akakaa naye. Mimi nikatoka kwenda kwa kaka mtu.

Alikuwa kwenye benchi, shati la pasi limelowa mgongoni. Akasimama haraka.

"Shikamoo mama. Vipi?"

Sikuitikia. Nilimwambia afungue mdomo. Akafungua, kwa mshangao tu. Pengo lilikuwepo, meno mawili, chini, mbele.

"Habari za siku nyingi, Ramadhani," nikasema.

Akakaa chini kabla sijaendelea. Akaanza kusema maneno mengi kwa pamoja, kwamba mdogo wake hana bima, kwamba alikuwa anapiga kelele usiku kucha, kwamba ningefanyaje mama, ni damu yangu, halafu akaniomba nisimwambie mdogo wake ile operesheni yake ya zamani ilikuwa ya nini. Hapo nusura nicheke. Lakini hasira ilikuwa mbele.

"Mdogo wako alichomwa penisilini akiwa mtoto akakaribia kufa," nilimwambia. "Leo tulikuwa tumeshaichomeka kwenye mpira wake. Wewe ulisema niandike hana, nami mpumbavu nikaandika. Angekufa pale mezani, unajua cheti kingetoka kwa jina la nani?"

Akanitazama.

"Lako. Ungemzika mdogo wako kwa jina lako. Ofisini kwako wangechangishana rambirambi, mkeo wangempa pole ya ujane na wewe uko jikoni unasikia. Na mama yenu kule Kolo ungempigia simu ukamwambie nani amekufa?"

Alijifunika uso kwa mikono miwili akalia, mtu mzima, na watu wanapita. Hasira yangu ikaanza kupoa kidogo kidogo. Mimi pia nilikuwa na la kulilia. Nikakaa karibu naye. Nikamwambia mdogo wake yuko hai, utumbo uko hai, anaamka sasa hivi. Alinishika mkono akashindwa kuuachia.

"Nifanye nini, mama?"

"Faili lako sasa lina ngiri usiyokuwa nayo. Siku ukiletwa wewe umezimia, watakutibu kwa historia ya mwingine. Na yeye hana faili kabisa, kesho akiugua watamchoma ile ile. Nenda masijala ukaseme."

"Wataniandikia barua kazini."

"Watakuandikia. Barua inasomwa na mtu aliye hai."

Alikwenda. Nilimwona akijifuta uso kwa kiwiko, akapanga foleni kwenye dirisha la masijala nyuma ya mama mwenye mtoto mgongoni, na zamu yake ilipofika akainama akasema alichosema. Barua aliipata, baadaye nilisikia, lakini kazi hakuipoteza. Mimi pia nilikwenda kwa mkuu wangu siku ile ile nikaeleza kwamba nilinakili jibu. Sikuona sababu ya kumwachia Ramadhani aibu yote peke yake.

Aliporudi na faili jipya, kurasa zake bado zimeshikana, nilimwongoza mpaka chumba cha kuamkia. Mdogo wake alikuwa amefumbua macho nusu, midomo mikavu, anatazama dari. Neema alikuwa na kalamu mkononi.

"Kaka, nataka kuandika hapa juu," alimwambia. "Unaitwa nani?"

Mgonjwa akageuza kichwa polepole. Akamwona kaka yake amesimama miguuni pa kitanda, macho mekundu, na hofu ikampanda usoni palepale, akiwa bado na usingizi. Akafunga mdomo.

"Sema," kaka mtu akasema. "Sema, mdogo wangu. Nimeshawaambia."

Alimtazama kama anayehakikisha. Halafu akamgeukia Neema.

"Shabani," akasema. "Mimi ni Shabani. Na ile sindano nyeupe msinichome."